Tuanze na Karatasi, Lenzi Baadaye

Assalaam aleikum. Nimepewa dakika 40, na nikimtazama mwenyekiti wetu naona hatanipa 41, kwa hiyo salamu zangu ziishie hapo.

Mimi si mpiga picha wa kazi. Kazi yangu ni kuandika hesabu za watu. Kamera naishika Jumamosi jioni, na siku za harusi za jamaa, ambapo malipo yangu ni sahani ya pilau. Ninayoyasema leo ni ya mtu aliyeharibu karatasi nyingi kwa pesa zake mwenyewe.

Mada mliyoniandikia inasema lenzi, kisha kuhariri, kisha kuchapa. Nitaipindua. Kila anayeanza mchezo huu huanza kwa kuuliza anunue lenzi gani, na mimi nilianza hivyo hivyo, nikanunua, na kwa miaka mitatu sikuwa na picha hata moja ya kumpa mtu mkononi. Kwa hiyo leo tunaanza mkiani.

Nina bahasha hapa, ndani mna picha mbili. Zipitisheni. Zishikeni pembeni tafadhali, vidole vyenye mafuta ya sambusa visiguse katikati. Hii ndogo, nyeusi na nyeupe, ni ya babu na bibi yangu kabla sijazaliwa. Hii ya rangi ni ya wazazi wangu, 1978. Tazameni kofia ya babu: vitobo vyake vinahesabika. Sasa tazameni kanga ya mama. Ilikuwa ya kijani, mwenyewe anaapa ilikuwa ya kijani. Leo picha nzima ni kama imemwagiwa chai ya rangi.

Si kwamba fundi wa kwanza alikuwa hodari kuliko wa pili. Picha ile nyeusi na nyeupe imejengwa kwa chembe za fedha, madini ya fedha yenyewe, na ikioshwa kwa maji mengi mpaka dawa itoke yote, inakaa. Ndiyo maana mpaka leo tunasema kusafisha picha, ingawa mashine nyingi za sasa hazina hata beseni. Za rangi za miaka ile zilijengwa kwa rangi za kemikali zinazopauka, tena hazipauki kwa mwendo mmoja. Ile ya buluu iliyokaribia kijani hutangulia kuondoka, hata ukiificha kabatini, na wekundu ndio unaobaki nyumbani peke yake. Anayetaka kuona fedha inavyodumu aende Barabara ya Kenyatta pale Mji Mkongwe, Capital Art Studio, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Simameni mbele ya picha za zamani za studio ile, msogeze pua. Hapo mtajua mnashindana na nani.

Haya, vipimo. Mashine ya picha hupenda nukta 300 kwa kila inchi. Picha ya 4 kwa 6, ile tunayoiita postikadi, inataka pikseli, yaani hizo nukta, 1,200 kwa 1,800; megapikseli ni pikseli milioni moja, kwa hiyo haifiki hata megapikseli 2 na nusu. Karatasi ya A4 inataka karibu 9. A3 inapita 17 kidogo, na ukipungukiwa hapo hakuna atakayeona, kwa sababu picha ya ukutani haitazamwi kwa kugusisha kope. Kwa hiyo wewe unayelia kwamba kamera yako ya megapikseli 12 imezeeka, A4 unaitoa na chenji inabaki. Kinachoua picha ni kuituma kwa WhatsApp kama picha. Inafika imekondeshwa, kisha kijana wa mashine anaivuta ijae karatasi, unaletewa uji. Itume kama dokumenti, au ipeleke kwenye flashi.

La umbo la karatasi nalo limenigharimu. Kamera nyingi hupiga 3 kwa 2, na postikadi ni 3 kwa 2, hakuna ugomvi. Lakini familia inataka 8 kwa 10, kwa sababu fremu za madukani nyingi ndizo hizo. Ili picha ya kamera ijae humo, lazima pande zake zikatwe, karibu inchi 1 huku na inchi 1 kule. Nilipiga picha ya ukoo mzima, watu 23, mstari kutoka ukuta hadi ukuta. Nikapeleka, nikasema 8 kwa 10, nikaenda zangu kuswali. Niliporudi, mjomba aliyesimama mwisho kulia alikuwa na sikio moja na bega. Mjomba mwenyewe ndiye aliyelipia ng'ombe. Tangu siku hiyo, picha ya kundi naacha hewa pembeni, na ukataji naufanya mwenyewe nyumbani kabla sijatoka. Wenye simu, zenu nyingi hupiga 4 kwa 3, kwa hiyo ninyi mnakatwa hata kwenye postikadi: vichwa na miguu.

Sasa malalamiko ninayoyasikia kuliko yote: “Kwenye simu ilikuwa inang'aa, imetoka nyeusi.” Imetoka nyeusi kwa sababu uliihariri usiku, umelala chali, taa imezimwa, kioo cha simu kimewashwa hadi mwisho. Kioo kina taa yake. Karatasi haina, inaazima mwanga wa chumba ilichomo. Fanyeni hivi: mchana, kaa karibu na dirisha, weka karatasi nyeupe pembeni ya kioo, punguza mwanga wa kioo mpaka weupe wake ufanane na weupe wa karatasi. Mtashtuka ni chini kiasi gani. Hapo ndipo mhariri.

Na kabla ya kulipia A3, lipia postikadi moja ya majaribio. Ipange ile picha moja mara sita ndani ya karatasi moja, ya kwanza ulivyoihariri, nyingine umeongeza mwanga kidogo kidogo, uziandikie namba. Itoke, itoe nje kwenye kivuli, uchague. Ni bei ya kikombe cha kahawa.

Kuna jambo la pili hapo dukani. Nilimpiga shangazi yangu, mweusi tititi, amekaa mlangoni, picha ninayoipenda. Kwenda kuichukua, kijana akaniambia kwa furaha, “Mzee, nimekung'arishia kidogo.” Nikampelekea shangazi. Akaitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena, akauliza, “Huyu nani?”

Kijana hakuwa na nia mbaya. Mashine nyingi zina kusahihisha kwa otomatiki, na mashine hiyo haimjui shangazi yako. Ina kipimo chake cha wastani, na kila inachokutana nacho inakivuta kuelekea hapo. Kwa miaka mingi Kodak walikuwa wakiwapelekea wasafishaji kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke wa kizungu, wenyewe wakaiita Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, mashine imekaa sawa. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Basi mkifungua albamu za wazee mkakuta kundi la watu ambao meno na kola za mashati vinaonekana vizuri na nyuso ni madoa, msiseme wazee wetu walikuwa hawajui kukaa mbele ya kamera. Ukifika dukani, sema kabla hujalipa: usiguse rangi, usiguse mwanga, toa kama ilivyo. Sema mara mbili.

Na kamera nayo ina tabia ileile. Inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Ukimpiga bwana harusi, kanzu nyeupe imejaa fremu, kamera inaogopa weupe, inapunguza mwanga, uso unazama. Bibi mwenye buibui jeusi naye inamzidishia. Pima usoni. Kwenye simu, gusa uso kwa kidole. Kwenye kamera yenye faili la RAW, yaani picha mbichi kabla kamera haijaipika, piga RAW, kwa sababu humo kanzu iliyokaribia kuungua kwa mwanga unaweza kuirudisha nyumbani, kwenye JPEG, ile iliyokwisha kupikwa na kubanwa, ikishaungua ndiyo basi.

Kuhariri sitakaa sana, kwa sababu nusu ya kuhariri nimeshaisema: mwanga wa kioo na uso. Programu za bure zinatosha, Snapseed kwenye simu, darktable kwenye kompyuta. Ila niseme la maturubai, maana sisi ndio wenye maturubai. Harusi iko chini ya turubai la buluu, saa nane mchana, na kila aliye chini yake amekuwa wa buluu, pamoja na biriani. Usianze kuchezea rangi moja moja. Tafuta kitu kilichokuwa cheupe chini ya turubai lilelile, kiguse kwa kile kidude cha kupimia weupe, programu itarekebisha picha nzima kwa mpigo. Kanzu inafaa? Inafaa, isipokuwa kanzu iliyotiwa buluu ya kufulia. Hiyo ni nyeupe ya uongo. Ukimwambia kompyuta kwamba ile ndiyo nyeupe, itamwaga njano kufidia, na wageni wote watakuwa na homa ya manjano. Mimi hutumia sahani za udongo za mwenye shughuli, au kitambaa cha meza cha zamani.

Ule mstari wa kuburuta, wa kulainisha ngozi, mnaujua, na mnajua ninavyouona. Bibi wa miaka themanini asiye na kunyanzi hata moja ni puto.

Sasa lenzi, kwa wale mliokuwa mnahesabu dakika.

Kamera yako ilikuja na ile ya milimita 18 hadi 55; namba ikiwa kubwa, lenzi inavuta karibu zaidi. Si mbaya. Kwenye baraza saa kumi na moja jioni inatosha kabisa. Inakwama ukumbini usiku: ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la kuingizia mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6, na namba hiyo ya f ikiwa ndogo ndiyo tundu kubwa. Lenzi ya 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa za bei ya chini kuliko zote, inaingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Mara kumi! Ndiyo tofauti ya kupata picha na kupata ukungu wenye taa.

Lakini kabla hujakimbilia 50, pima sebule yako. Kwenye kamera zenye kihisi kidogo, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ambazo wengi wetu ndizo tulizonazo, 50 inaona kama 75 au 80. Maana yake mgongo wako uko ukutani, na bado umepata uso na nusu ya kilemba. Kwa vyumba vyetu na vichochoro vyetu, 35 ndiyo yangu. Miaka sita sasa.

Na tundu likiwa wazi kabisa, msilewe. Kwa 50 kwenye f/1.8, mtu akiwa mita moja na nusu, kinachotoka kikali ni unene wa sentimita 6 hivi. Jicho limekaa, sikio limeondoka. Bibi harusi na bwana harusi, mmoja akiwa ametangulia nusu hatua, umeshamtaliki mmoja. Funga kidogo, f/4, waweke mstari mmoja.

Wenye simu: usimsogelee mtu usoni. Pua inakua si kwa ubaya wa lenzi, inakua kwa sababu umesimama karibu mno. Rudi hatua mbili, weka 2x.

Lenzi za mtumba nazipenda, ila kwa mwambao wetu kuna fangasi. Washa tochi ya simu, mulika upande mmoja wa lenzi, chungulia upande wa pili ukiwa umeinamisha kidogo. Ukiona nyuzi kama za buibui, mrudishie mwenyewe, hata akupunguzie. Ya kwako iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vya kukausha unyevu, uvibadilishe vikishiba. Begi la ngozi kabatini ni shamba.

Mwenyekiti ananyanyuka. Swali moja basi, wewe dada wa mtandio wa zambarau. Anauliza picha ya ukutani iwe ya kung'aa au isiyong'aa. Isiyong'aa, kwa hapa kwetu. Ya kung'aa ni tamu mkononi, lakini ukiigandamiza kwenye kioo cha fremu, unyevu wa masika unaiunganisha na kioo, na siku ukitaka kuitoa inachanika. Na hata isiyong'aa, mwambie fundi wa fremu aweke ukingo wa kadi kati ya picha na kioo, ipate pumzi. Halafu usiitundike mkabala na dirisha la magharibi.

Nashukuru. Naomba zile picha mbili zirudi mbele. Ya babu hii hapa, imefika. Ya mama iko kwa nani?