Skani QR kwa Brauza Bila Kupigwa

Wadau wangu, karibuni mezani kwangu hapa Shangani, Mtwara. Korosho zimeshaiva, zinapoa, kwa hiyo tuna muda. Leo tunaskani QR, ile michoro ya viboksi vyeusi na vyeupe, kwa brauza tu, bila kupakua programu, maana simu zetu zimejaa, ukiongeza kitu unaambiwa nafasi imekwisha.

Fungua brauza, ingia kwenye tovuti ya kuskani unayoiamini. Anwani ianze na https, la sivyo brauza yenyewe haitakufungulia kamera. Ikiomba ruhusa ya kamera, mimi huchagua mara hii tu. Ikiomba na namba za watu ulizohifadhi, funga hapo hapo. Kusoma QR kunataka kamera, basi.

Hii ni risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, asubuhi nilinunua vifungashio. Mnaviona viboksi vitatu pembeni? Hivyo vinaiambia simu QR imekaaje, ndiyo maana hata ukiigeuza kichwa chini inasoma. Vyote viingie kwenye fremu... Mbona haisomi? Ngoja kidogo. Aa, lenzi ina mafuta ya korosho. Nafuta na kitenge, hivi. Bado. Jua linapiga kwenye karatasi, tuhamie kivulini. Mwanangu, nipishe hapo. Haya, imesoma!

Sasa subiri. Usibonyeze. Narudia, usibonyeze!

Msimu uliopita wateja wamejaa mezani, nikaskani stika moja na kubonyeza haraka haraka. Ukurasa ukafanana kabisa na wa malipo. Nikaandika namba ya siri, nikaandika na tarakimu zilizoingia kwa meseji. Mauzo ya siku nzima yakaondoka nikiwa nimeishika simu mkononi. Ndiyo maana nawasihi: soma anwani kwanza.

QR zilianza Japani mwaka 1994, Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave walizibuni kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Zilitengenezwa zisomwe upesi. Hazikuambii nani kaziandika, na jicho lako haliwezi kuzisoma.

Leta simu karibu. Hapa pameandikwa verify.tra.go.tz, halafu slashi, kile kimstari cha kulala upande (/). Anza kwenye hiyo slashi, rudi nyuma kushoto. Inaishia na go.tz, na hiyo ni ya taasisi za serikali ya Tanzania. Hapa nabonyeza, na taarifa za risiti zinatoka. Lakini ingekuwa verify.tra.go.tz.zawadi-risiti.com, je? Rudi nyuma tena kutoka mwisho: mwenye nyumba ni zawadi-risiti.com, hayo ya mbele ni pambo la mlangoni. Soma kutoka mwisho. Ukiona anwani fupi fupi isiyoonyesha inakokwenda, mimi siifungui kabisa.

Na hizi za mezani za kulipia, pitisha ukucha pembeni. Hivi. Stika ikiwa juu ya stika, ukucha unakwama kwenye ukingo. Mimi naikagua yangu kila asubuhi kabla sijapanga korosho. Unapolipa kwa lipa namba, jina la mpokeaji linatokea kabla hujathibitisha. Lisome. Ukiona silo, uliza tu, "Samahani dada, hili jina ni lako?" Muuzaji mwenye nia njema atafurahi umeuliza, mimi ningekuongezea na korosho mbili.

Na namba ya siri, jamani, ni ya kwenye menyu ya mtandao wako au programu yake rasmi. Ukurasa uliofunguliwa na QR ukikuomba namba ya siri, toka. Hata kama una nembo. Hata kama umeandikwa Kiswahili kizuri. Toka.

Ukimaliza, funga ule ukurasa wa kuskani. Kwenye Android 12 kwenda juu kuna alama ya kijani pale juu kulia kamera ikiwa inatumika. Yangu hiyo, imezimika.

Karibu bibi! Za chumvi zipo, nikufungie robo?