Uangalizi wa Ushirika Ni Kazi ya Nani?

Wachungaji, wazee wa kanisa, mashemasi, nanyi nyote wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Nimeombwa nizungumze juu ya wajibu wa kuitunza afya ya ushirika, nami nimechagua kuanza na neno ambalo tumelizoea mno hata hatujiulizi tena maana yake, nalo ni askofu. Limetufikia kwa njia ya Kiarabu kutoka neno la Kigiriki episkopos, na maana yake ni mwangalizi. Sasa, katika Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, mstari wa 15, waumini wanaagizwa waangalie sana mtu asiipungukie neema ya Mungu, na shina la uchungu lisije likachipuka na kuwatia wengi unajisi. Kitenzi kilichotumika hapo katika Kigiriki ni cha mzizi uleule wa neno askofu, lakini hawaambiwi wenye vyeo. Linaambiwa kusanyiko zima. Waraka huohuo, katika sura ya 13, unawataka waumini wawatii viongozi wao, kwa maana hao wanakesha kwa ajili yao. Kwa hiyo viongozi wanaheshimiwa, na bado kazi ya kuangalia haikuachwa mikononi mwao peke yao.

Shina hilo, yaani mzizi, hukua chini ya udongo. Aliyesimama mimbarani haoni linapoanza; huliona yule anayeketi benchi moja na mwenye uchungu.

Nilipokuwa mzee wa kanisa kwa mara ya kwanza, mama mmoja wa kwaya aliugua, asionekane ibadani kwa miezi mitatu. Mwalimu wa kwaya alidhani akina mama wamekwisha kumtembelea, akina mama wakadhani ni zamu ya wazee, nami, nakiri mbele yenu, niliona jina lake katika orodha nikajiambia kwamba mchungaji bila shaka anazo habari zake. Hatimaye tulipokwenda alitupokea vizuri, akatuwekea viti, kisha akatuambia kwa upole kwamba kila Jumapili alikuwa akiisikia kwaya kutoka kitandani kwake, na kwamba sauti yake ya pili ilikuwa imepata mtu mwingine. Hakuna aliyemkosea kwa makusudi. Kila mmoja wetu alikuwa amemwachia mwenzake.

Kanisa la kwanza nalo liliyaona hayo mapema. Matendo ya Mitume, sura ya 6, inasema kwamba wanafunzi walipoongezeka, Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliosema Kigiriki, walinung'unika kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Naomba tuutazame vizuri mwenendo wa wale Thenashara, yaani mitume kumi na wawili. Hawakuwakemea walionung'unika wala hawakudai kwamba wao wenyewe wangebeba kazi hiyo pia; waliita jumuiya yote, wakaiambia ichague watu saba wenye kushuhudiwa wema. Walichaguliwa Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, na majina yote saba ni ya Kigiriki. Mimi huyasoma majina hayo kama jibu: inaelekea kwamba huduma iliyolalamikiwa ilikabidhiwa watu wa upande uleule uliolalamika. Ni wangapi kati yetu wangekuwa tayari kumpa mlalamikaji funguo za ghala? Lakini pia, na hili husahaulika, ni walalamikaji wangapi wangezipokea?

Manung'uniko yenyewe si ugonjwa. Ugonjwa ni yanapokosa njia ya kufika panapohusika, yakageuka minong'ono ya njiani baada ya ibada. Watu wa nyumbani mwa Kloe walimpasha Paulo habari za fitina za Korintho, naye akaandika waziwazi kwamba ni wao waliomwambia, jambo ambalo msengenyaji hawezi kulikubali. Katika Mathayo 18 Bwana anamtaka aliyekosewa aende kwanza kwa ndugu yake, wakiwa wawili tu, kabla ya mashahidi na kabla ya kanisa. Hatua hiyo ya kwanza hakuna kamati inayoweza kumchukulia mtu.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Paulo alipokusanya changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakumtuma Tito peke yake. Tito alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na mwingine pia, ili pasiwe na mtu wa kulaumu. Sadaka na ihesabiwe na watu wawili au zaidi, juu ya meza iliyo wazi, mara mbili, na wote watie sahihi kabla mhazini hajaipokea. Kufanya hivyo si kumshuku mhazini, ni kumkinga. Na mahesabu yanaposomwa, washirika wakae wayasikilize, badala ya kuanza kutoka mmoja mmoja kana kwamba ibada imekwisha.

Labda mtu atauliza kama wajibu wa wote haumpi mvivu mahali pa kujificha. Swali ni la haki, na Wagalatia sura ya 6 inalijibu kwa maneno mawili ambayo Biblia yetu ya Kiswahili imeyatenganisha vizuri sana: tuchukuliane mizigo, lakini kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Maradhi, msiba na deni lililomzidi mtu ni mizigo. Kuomba, kusamehe na kutimiza zamu uliyopangiwa ni furushi, na mchungaji hawezi kukubebea. Naye mchungaji, tusisahau, ni mshirika mwenye mizigo yake; anawatembelea wagonjwa wetu, na nyumbani kwake huenda hakuna aliyebisha hodi mwaka mzima isipokuwa mwenye shida.

Katibu amekuja na daftari la washirika. Kabla ya maswali, naomba tulifungue, tusome majina ya wale wasioonekana tangu mwezi uliopita, na kwa kila jina mtu mmoja asimame aseme siku atakayokwenda.