Maji Yaitwe Mezani Mapema: Mhadhara kwa Wachimbaji wa Mahandaki

Mheshimiwa mwenyekiti, wahandisi wenzangu, mabibi na mabwana.

Nashukuru kupewa nafasi ya kusema mbele ya watu ambao kazi yao ni kupasua miamba, ilhali yangu mimi ni kufuatilia maji yaliyomo ndani yake. Hoja yangu leo ni moja: mtaalamu wa maji ya ardhini aitwe kabla njia ya handaki haijachorwa, na kazi yake isihesabiwe kuwa imekwisha siku handaki linapofunguliwa.

Tangu 1873 reli ya Great Western ilikuwa ikichimba handaki la kilomita 7 chini ya mlango wa mto Severn, kati ya Uingereza na Wales. Wahandisi waliuogopa mto uliokuwa juu ya vichwa vyao, na walikuwa na sababu, kwa kuwa maji ya pale hujaa na kupwa kwa tofauti inayozidi mita 10. Oktoba 1879, zikiwa zimebaki takriban mita 120 tu ncha mbili za uchimbaji zikutane, maji yaliingia. Lakini hayakutoka mtoni. Yalikuwa maji matamu, yaliyotoka upande wa nchi kavu, katika chemchemi kubwa iliyojificha kwenye nyufa za mwamba. Hofu yote ilikuwa imeelekezwa juu, nayo hatari ikaingilia ubavuni.

Kuyatoa maji hayo kulishindikana mpaka ufungwe mlango wa chuma uliokuwa ndani kabisa, ambao wafanyakazi waliuacha wazi walipokimbia kuokoa maisha yao. Novemba 1880 mzamiaji Alexander Lambert alitumwa kuufunga, akipapasa gizani umbali wa mita 300 hivi, kati ya vyombo vilivyotelekezwa. Bomba lake la mpira la kumletea hewa lilielea na kukwama kwenye dari, akalazimika kurudi. Aliingia tena akiwa amevaa kifaa kipya cha Henry Fleuss, kilichomwezesha kubeba oksijeni yake mwenyewe, na hatimaye akang'oa reli iliyouzuia mlango, akaufunga, kisha akaizungusha valvu iliyokuwa kando yake kama alivyoagizwa. Baadaye ilibainika kwamba hesi ya valvu ile ilikatwa kinyume, hivyo alipodhani anaifunga alikuwa anaifungua. Kila ninapofundisha kisa hiki huwaza juu ya mkono ule gizani, na juu ya mtu aliyejua hesi ilivyokatwa lakini hakuulizwa.

Wahandisi walijaribu kuizuia chemchemi kwa ukuta wa matofali. Shinikizo lilipanda mpaka matofali yakaanza kupasuka, ndipo mwishoni mwa 1885 wakakubali kuyapa maji njia. Huko Sudbrook, upande wa Wales, zikafungwa injini za mvuke za kuvuta maji muda wote, na pampu za umeme zilizozirithi bado zinatoa takriban lita milioni 50 kwa siku. Handaki hilo lilianza kupitisha treni 1886, nalo halijawahi kuacha kulipia maji yake.

Mhandisi wa reli Robert Stephenson alikuwa amekutana na mtihani wa namna hiyo miaka 50 hivi kabla, katika handaki la reli la Kilsby, Uingereza. Mashimo ya majaribio yaliukosa mchanga uliojaa maji, uliokuwa ukitiririka kama uji, na akalazimika kuvuta maji kwa miezi 19. Alichofanya zaidi ya kuvuta ni kutazama: aliona kwamba pampu ya shimo moja inateremsha pia maji ya mashimo jirani, akaelewa kwamba mchanga unaweza kukaushwa kabla jembe halijaufikia. Kazi yetu ya leo imejengwa juu ya jambo hilo.

Lakini kukausha nako kuna mwenyewe anayeumia. Huko Hallandsås, kusini mwa Uswidi, uchimbaji ulioanza 1992 ulikuta mwamba uliopasukapasuka, maji yakawa yanamiminikia handakini huku visima vya wakulima vikishuka. Wakandarasi wakadunga kwenye nyufa kemikali ya kuziba yenye akrilamidi, ambayo ni sumu. Mwaka 1997 ng'ombe waliokunywa maji ya kijito walipooza na samaki wakafa, kazi ikasimama kwa miaka, na treni zikapita 2015 tu. Ninaitaja kwa uchungu, maana waliotaka kuokoa maji ndio walioyatia sumu.

Watu wa Murang'a, nchini Kenya, waliposikia kwamba handaki la karibu kilomita 12 litapeleka maji Nairobi, waliuliza kama mito yao itakauka. Wapo wahandisi walioliona swali hilo kuwa la kisiasa. Mimi naliona kuwa swali la kitaalamu, na jibu lake hupatikana kwa utepe wa kupimia kina, ule unaolia ncha yake inapogusa maji kisimani. Ili jibu hilo liaminike, vipimo vichukuliwe katika misimu yote ya mvua na kiangazi kabla baruti ya kwanza haijalipuliwa, vikiandikwa mbele ya mwenye kisima, naye aachiwe nakala.

Kwa hiyo naomba zabuni zenu zijazo ziwe na fungu la vipimo hivyo lisiloruhusiwa kupunguzwa, na fungu la pili la kuendesha pampu na kusoma visima kwa muda wote ambao handaki litatumika.