Kidole Kwanza, Springi Baadaye

Karibuni, sogeeni mbele, viti vipo. Wale mnaonisikia kwa mada hii mara ya nne mna ruhusa ya kwenda kunywa chai, ila mtuachie mahamri. Wanachama wapya ndio ninaowataka, hasa nyie watatu ambao tangu asubuhi mnaonyeshana picha za vipuri kwenye simu. Zimeni kidogo.

Nimepewa saa moja nizungumzie jinsi ya kuchagua bastola ya mashindano na jinsi ya kuiboresha. Mambo ya cheti, bodi na kasha la chuma nyumbani nayaruka. Msingekuwa humu ndani kama hamyajui. Naanza na hesabu. Watu hubishana nami mpaka niwawekee hesabu mezani, ndipo wanahama na kubishana na hesabu.

Sisi hapa tunapiga IDPA, mchezo wa bastola za kujilinda. Muda wako unahesabiwa tangu taima ilie hadi risasi yako ya mwisho. Kisha tunaiendea shabaha. Risasi ikiwa ndani ya mduara wa kati, wenye upana wa sentimita 20 hivi, hudaiwi. Ikiangukia eneo la pili unaongezewa sekunde moja. Eneo la nje, sekunde tatu. Ukikosa shabaha yote, tano. Sasa niambieni, ile triga ya rangi ya dhahabu inayotangazwa kwenye video itakuokolea sekunde ngapi? Tuseme ni ya maajabu, inakupa sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila risasi. Siamini, lakini tuseme. Kwenye steji, yaani zoezi moja la mashindano, yenye risasi kumi, umepata sekunde moja. Risasi moja ikitoka kwenye mduara, faida yako imeliwa. Zikitoka mbili, unadaiwa. Na mimi ndiye ninayebandika viraka kwenye shabaha zenu kila Jumamosi. Nawapenda, lakini zinazotoka si mbili.

Kuna kijana pale nyuma anatikisa kichwa. Nitakufikia, mwanangu.

Chukua Glock 17 kama ilivyotoka kiwandani. Hata magazini ikiwa imejaa, haifiki kilo moja. Triga yake inataka nguvu ya kama kilo mbili na nusu. Yaani kidole kimoja kinakivuta kitu kwa nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wa kitu chenyewe, halafu tunataka kisitingishike! Kinachokizuia ni viganja viwili vilivyokishika, basi. Ukilegeza mkono wa kushoto, bastola inafuata kidole kama mbuzi anavyofuata kamba.

Sasa tupime kosa lenyewe. Kutoka kilengeo cha nyuma mpaka cha mbele kwenye bastola hiyo ni kama milimita 165. Kidole kikikisukuma kilengeo cha mbele milimita moja tu, na shabaha iko mita 15, risasi inahama sentimita 9. Bado umo mduarani, umening'inia ukingoni. Milimita tatu, sentimita 27. Umeshatoka. Hapo ndipo mtu huniambia, "Mama, ndiyo maana nataka Glock 34, ile ni ndefu zaidi." Haya, nunua. Umbali wa vilengeo unakuwa kama milimita 192. Kosa lako lile lile la milimita tatu sasa linakupa sentimita 23. Umelipa bei ya bastola nzima ili ukose kwa sentimita 23 badala ya 27.

Mnacheka. Aliyeniambia hivyo yumo humu na anacheka pia.

Nikipewa mpigaji mpya, jambo la kwanza ni hili. Namwambia anipe magazini yake ageuke pembeni. Najaza risasi za kweli, na katikati nachanganya za bandia mbili tatu, zile za plastiki za mazoezi, asijue zimekaa wapi. Anapiga. Pa. Pa. Inafika ya bandia: hakuna mlio, hakuna moshi, hakuna kishindo. Bastola ilitakiwa kubaki imetulia. Haibaki. Mdomo wa mtutu unainama chini kama mbuzi anayekunywa maji, kisha mwenyewe anaganda huku anautazama. Hapo sihitaji kusema neno. Mkono wake umekuwa ukiusubiri mshindo na kuukimbilia kabla haujafika, kila risasi, huenda kwa miaka. Kishindo kilikuwa kinamficha. Nimemwona bwana mmoja, mtu mzima wa heshima zake, akarudia mara tatu akidhani nimemchezea bastola.

Na bwana huyo alikuwa ameshabadilisha triga, springi, kilengeo na hata vishikio vya pembeni. Mtutu wake ulikuwa unainamia chini kwa vipuri vya gharama.

Msidhani nawasema wengine tu. Yangu ndiyo mbaya zaidi, nawapa kamili.

Nilikuwa mwaka wa pili kwenye mchezo huu. Bastola yangu ilikuwa ya nyundo, aina ambayo mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu na mzito, halafu inayofuata ni mifupi. Ule mvuto wa kwanza ulikuwa unanitoa jasho. Nikampata fundi, akaniambia tatizo dogo, tunaweka springi ya nyundo iliyo laini zaidi. Akaiweka. Jamani, ilikuwa siagi! Nikaizungusha klabu nzima, kila mtu anaikagua kuwa haina kitu, anaielekeza kwenye kifusi cha udongo kinachozuia risasi, anavuta, anasema "aah". Nilijiona nimefika. Wiki tatu nikapiga nayo bila kasoro, kwa risasi za boksi nililozoea.

Siku ya mashindano boksi langu likawa limeisha, nikanunua la aina nyingine. Milimita tisa ni milimita tisa, si ndiyo? Steji ya tatu, taima ikalia, nikachomoa, nikavuta. Tak. Sauti ile ndogo, wanaoijua wanaijua, ina nguvu kuliko mlio wenyewe. Nikagonga kitako cha magazini, nikavuta slaidi, kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, risasi ikaruka nje. Nikaendelea. Pa, pa, tak. Nikarudia. Kufika mwisho nilikuwa nimepiga tak nne. Kila moja ilinigharimu sekunde mbili au tatu, na akili yangu ilikuwa imeshatoka kwenye shabaha, iko kwenye bastola.

Mwamuzi alipomaliza kunikagua nikaokota moja ya zile zilizogoma. Nikaitazama nyuma, pale kwenye fataki, kile kidude kinachogongwa ili baruti iwake. Palikuwa na kidonda kidogo, kama alama ya ukucha kwenye ganda la embe bichi. Nikaokota ganda lililolipuka, nikaviweka sambamba kiganjani. La pili lilikuwa na shimo la haja, chini mviringo. Risasi za boksi lile jipya zilikuwa na fataki ngumu, na nyundo yangu laini ilikuwa inazibishia hodi tu. Fundi aliniondolea uzito kwenye kidole akautoa kwenye nyundo. Hakuna mahali pengine pa kuutoa, springi ni moja!

Nilirudisha springi ya kiwandani Jumatatu. Ule mvuto mrefu niliuzoea kwa miezi miwili sebuleni, usiku, watoto wamelala, risasi zote zimefungiwa chumba kingine na chumba nilimo hamna hata moja. Nakagua mara mbili, naelekea ukuta usio na mtu nyuma yake, naweka ganda tupu limesimama juu ya kilengeo cha mbele, navuta triga taratibu. Ganda likianguka, naanza upya. Usiku wa kwanza lilianguka kila mara. Sikutumia hata senti.

Haya, kijana wa nyuma. Unataka kusema mabingwa wanabadilisha bastola zao. Wanabadilisha, nani kakataa? Lakini huyo bingwa alianza na kidole, kisha akafika mahali ambapo bastola ndiyo iliyokuwa inamchelewesha. Wewe bado unaichelewesha bastola. Tena angalia, mwaka 1999 Mmarekani Jerry Miculek alipiga risasi nane kwenye shabaha moja kwa sekunde moja, na alitumia rivolva. Rivolva! Hata uinoe vipi, triga yake kila mvuto ni safari: inazungusha silinda, inainua nyundo, inaiachia. Mara nane ndani ya sekunde. Tafuteni kipuri cha kufanya hivyo.

Na IDPA yenyewe ilianzishwa Marekani mwaka 1996 na wapigaji walioona michezo mingine ya bastola imegeuka mashindano ya vifaa. Walitaka bastola ya kawaida, ala ya kawaida, inayofichika chini ya koti. Kwa hiyo ukijitokeza hapa na mtambo kama wa safari ya mwezini, umekosea mlango. Ukizipenda zile, zina mchezo wao, IPSC, mchezo mwingine wa bastola, wana daraja, yaani kundi la ushindani kwa aina ya bastola, liitwalo Open, wanakubali bastola zenye lenzi na matundu ya kupunguza mruko. Mchezo mzuri. Nendeni, lakini someni kanuni kabla ya kununua, siyo baada. Nimeshamrudisha mtu daraja lingine kwa sababu ya kipuri alichokinunua kwa furaha kubwa.

Kuchagua. Nimebakiwa na dakika ngapi? Sawa.

Bastola yangu ya kwanza kabisa alinichagulia kaka yangu. Nzuri, ya jina, inamtosha yeye. Mimi kidole changu kilikuwa kinagusa triga kwa ncha ya ukucha, na ili nifike ilibidi niuzungushe mkono pembeni, kwa hiyo mruko ukawa unakwenda kwenye fundo la dole gumba. Mwaka mzima nilidhani sina kipaji. Akina dada, msichaguliwe. Akina kaka wenye mikono midogo, nanyi pia, acheni fahari. Ishike, mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa mkono, kisha weka kidole kwenye triga. Nyama laini ya ncha ya kidole ikae katikati ya triga bila kuuhamisha mkono. Ikigoma, badilisha kipande cha nyuma cha mpini, bastola nyingi za siku hizi zinakuja na vipande vya ukubwa tofauti. Ikigoma bado, hiyo si yako, hata kama ni ya bei poa.

Uzito: nyepesi ni tamu kubeba, nzito ni tamu kupiga. CZ Shadow 2 ikiwa tupu ina kama kilo 1.3, na ndiyo maana mtu akiipiga mara ya kwanza anatabasamu. Lakini jiulizeni kama daraja lenu linaikubali, na kama mtaibeba mchana kutwa. Wengi wenu bastola yenye leseni ni moja, ya kujilinda na ya mchezo ni hiyo hiyo. Basi kuifanya iwe ya mchezo tu ni kujinyima ulinzi. Na kipuri kama mtutu mbele ya sheria yetu ni silaha. Hakiagizwi kama viatu. Ulizeni kwanza.

Mambo ya kubadilisha ninayoyakubali, haraka haraka. Kilengeo cha mbele kinachoonekana, chembamba, chenye rangi mnayoiona kwa macho yenu na siyo ya jirani. Kishikio kikiteleza, tepu ya mkwaruzo, bei ya soda chache, kama daraja lako linaruhusu. Springi ya slaidi ibadilishwe ikichoka, kwa nyingine ya uzito ule ule. Magazini ziandikeni namba kwa kalamu nyeupe chini. Bastola ikikwama mara tatu na mara zote ni magazini namba mbili, mmeokoa pesa ya fundi. Fundi anayetaka kupiga tupa ndani ya triga, au kuondoa kifaa chochote cha usalama, mkimbieni. Nimesimamisha bastola iliyotoa risasi mbili kwa mvuto mmoja, na mwenye nayo alikuwa mweupe kama karatasi. Hatukumaliza steji siku ile.

Lenzi ya nukta nyekundu, ile unayolengea kwa nukta badala ya vilengeo... hiyo ni saa nzima peke yake. Kwa kifupi, wazee wenzangu ambao kilengeo cha mbele kimeanza kuwa ukungu, itawafaa. Vijana, mtatumia mwezi mzima mkiitafuta nukta angani kama mwezi wa Idi.

Ala na mkanda nilitaka kuviongelea, muda umekwisha, na mkanda ni muhimu kuliko mnavyodhani. Mniulize nje. Pesa iliyobaki ya zile triga nunueni risasi, boksi mbili mchanganye na za bandia.

Kundi la kwanza mstarini dakika tano zijazo. Miwani, vizibo vya masikio. Bastola zibaki ndani ya ala mpaka niseme. Na wewe kijana wa nyuma, unaanza wewe. Niletee magazini yako, halafu geuka pembeni.