Kokwa za Ukwaju Usizitupe

MWANAISHA: Asalaam aleikum wasikilizaji, twawasalimu kutoka Malindi. Leo mezani pana ukwaju, na kaka Karisa keshaanza kuumumunya kabla sijafungua kipindi.

KARISA: Niko kazini, dadangu. Nyama naila, kokwa naweka kando. Hii ni miche ya mvua zijazo.

MWANAISHA: Na mabuyu? Watoto wa mtaa huu wametapakaza kokwa zake mpaka mlangoni mwa madrasa.

KARISA: Yale mekundu ya dukani? Yamepikwa na sukari na rangi, kokwa zake usizitegemee. Tafuta buyu lenyewe ulipasue. Ganda la kokwa ni gumu, liparuze kidogo kwa msasa, uloweke usiku kucha. Mkwaju vivyo hivyo. Mbegu hizo mbili ukizikausha vizuri, ukazifungia kwenye chupa, zakungoja.

MWANAISHA: Mwarobaini je? Kuna watu wana gunia zima ndani, wangojea mvua ya mwaka.

KARISA: Wengi watapanda, wasione kitu! Mbegu ya mwarobaini haikai. Ioshe, ikauke kivulini, wiki chache iwe kitaluni. Na mkoko wa kule hori ya Mida ndio hauna subira kabisa: mbegu yaota ingali juu ya mti, ikianguka ishakuwa mche. Waichomeka topeni maji yakipwa, basi.

MWANAISHA: Popote pale?

KARISA: Ee! Hapo ndipo pesa za watu huzama. Anayekabili bahari ni mlilana, mti mwenzake wa maji ya chumvi, mkoko huja nyuma yake. Ukiuweka mkoko kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi, hautakaa.

MWANAISHA: Lakini mbegu za kununua zipo, kaka. Kwa nini tuhangaike kuokota?

KARISA: Kumbuka ule ukame ulioanza mwisho wa 2020. Misimu mitano mfululizo mvua haba, mifugo ikafa Ganze. Halafu mwisho wa 2023 ikaja El Niño, mafuriko. Mkwaju uliopita katika hayo yote na bado unazaa, mimi mbegu yake ndiyo naitaka. Tena usiokote chini ya mti mmoja tu. Zunguka, changanya mbegu za miti mama tofauti, ugonjwa ukija usimalize shamba zima.

MWANAISHA: Serikali nayo yataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Novemba 13, 2023 tukapewa na sikukuu, mashimo yakachimbwa, picha zikapigwa. Mimi nauliza, kaskazi ilipovuma na lile jua, nani alitia maji?

KARISA: Mbuzi ndio waliokuwa wakizuru ile miche.

MWANAISHA: Wallahi! Kikundi kipande miti 50 na kila mti uwe na mwenyewe, nitaridhika zaidi. Haya, msikilizaji wa Mambrui auliza: mbegu za mbambakofi, zile nyeusi zenye kikofia chekundu, aende akaokote Arabuko-Sokoke?

KARISA: Ule ni msitu wa serikali, aombe ruhusa kwanza kwa watu wa misitu. Akizipata, kikofia akibandue kabla ya kupanda.