Tarehe 25 Desemba Ilitoka Wapi?

Ndugu wasikilizaji,

Kila mwaka Desemba inapokaribia, husikika tena dai kwamba Krismasi ni sikukuu ya kipagani iliyobatizwa: kwamba Warumi waliadhimisha kuzaliwa kwa Jua Lisiloshindwa tarehe 25 Desemba, na Kanisa likaichukua siku hiyo. Dai hili hutolewa kwa uhakika unaozidi ushahidi wake, na ndiyo maana naomba leo tuupime.

Wakristo wa kwanza hawakuwa na sikukuu hii. Injili hazitaji mwezi wala siku ya kuzaliwa kwa Yesu, na kilele cha mwaka wao kilikuwa Pasaka. Katika karne ya tatu, mwanatheolojia Origen aliwakumbusha waumini kwamba wanaosherehekea siku ya kuzaliwa katika Maandiko ni Farao na Herode. Hata hivyo watu walidadisi. Klementi wa Aleksandria, karibu mwaka 200, anataja makadirio ya wenzake yanayoangukia Aprili na Mei.

Ushahidi wa kwanza ulio wazi kuhusu 25 Desemba unatoka Roma, katika mkusanyo wa kumbukumbu wa mwaka 354, ambao sehemu yake inaaminika kuandikwa mwaka 336. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba sikukuu ya Jua ya siku hiyo nayo inaonekana kwa mara ya kwanza katika mkusanyo huohuo. Ni kweli kwamba Kaisari Aurelian alizindua hekalu la Jua mwaka 274, lakini hilo peke yake halituthibitishii nani alimwiga nani. Ama Saturnalia, sikukuu ya Warumi ya mungu Saturn, ambayo nayo hutajwa kuwa chanzo cha Krismasi, ilianza tarehe 17 Desemba na kumalizika kabla ya tarehe 25.

Yapo maelezo mengine, ambayo mimi nayaona yana uzito zaidi. Tertuliani, mwandishi Mkristo wa mwanzoni mwa karne ya tatu, aliiweka siku ya kusulubiwa kwa Yesu kuwa 25 Machi. Baadaye tunamkuta askofu Agostino akieleza imani kwamba Kristo alitungwa mimba siku ileile aliyoteswa, yaani 25 Machi, na kwamba kwa mapokeo alizaliwa 25 Desemba. Hesabu miezi tisa kutoka Machi, utaifikia tarehe hiyo bila kupitia hekalu lolote.

Desturi tunazoambiwa ni mabaki ya upagani nazo nyingi ni changa. Pango la Noeli lilipata umaarufu baada ya Fransisko wa Asizi kuliandaa kule Greccio mwaka 1223, na miti iliyopambwa kwa tufaha na maua ya karatasi inatajwa Strasbourg mwaka 1605, karne nyingi baada ya mahekalu ya Roma kufungwa.

Wala tarehe yenyewe haikupokewa na wote kwa mara moja. Yohane Krisostomo, akihubiri Antiokia mwaka 386, alikiri kwamba sikukuu hiyo ilikuwa haijatimiza miaka kumi mjini humo tangu iletwe kutoka Magharibi, akalazimika kuitetea mbele ya waliosema ni jambo jipya. Kanisa la Armenia halikuikubali kamwe. Hadi leo linaadhimisha kuzaliwa na kubatizwa kwa Kristo pamoja, tarehe 6 Januari. Jirani zetu wa Ethiopia, wanaosherehekea Januari 7, hawamo katika mgogoro huo: siku yao inalingana na 25 Desemba ya kalenda ya kale ya Julius Caesar, ambayo sasa iko nyuma ya kalenda yetu kwa siku 13.