Fimbo za Krapi: Futi 10, 12 au 16?

KAKA: Karibuni tena. Wasikilizaji wetu wa Kentucky na Tennessee wanaovua krapi, yule samaki wa maziwa na mabwawa ya Marekani, wametuuliza sana habari ya fimbo: wanunue za futi ngapi?

DADA: Wengi wanashauriwa futi 16, basi. Mimi nasema angalia maji kwanza, kaka.

KAKA: Tuwafafanulie walio wageni uvuvi wenyewe ulivyo. Unakaa mbele ya mashua, fimbo zimetandazwa kwenye vishikio kama miguu ya buibui, na mota ya umeme inaivuta mashua polepole, maili 0.3 hadi 0.8 kwa saa.

DADA: Na chambo kinatangulia mbele, hakifuati nyuma. Hapo ndipo urefu una kazi yake, maana chambo kinamfikia samaki kabla ya mashua. Kwenye maji maangavu yenye kina cha futi nne au tano, krapi akiona kivuli au akisikia mota anahama. Kwa maji hayo, futi 16 ni haki yake.

KAKA: Na kule Mississippi? Sardis, Enid, Grenada?

DADA: Hayo ni mabwawa ya kuzuia mafuriko, na mara nyingi maji yake ni ya tope. Samaki haoni mbali, kwa hiyo futi 12 zinatosha kabisa. Na usidhani fimbo fupi ni ya samaki mdogo! Krapi mweupe anayeshikilia rekodi ya dunia alitoka Enid mwaka 1957, pauni 5 na aunsi 3. Hiyo ni zaidi ya kilo 2.3.

KAKA: Samaki ambaye kwa kawaida hata kilo moja hafiki! Sasa kiangazi, krapi wameshuka kina cha futi 15 au 20, fimbo gani?

DADA: Fimbo ya futi 10. Wako chini sana, mashua haiwashtui. Weka chubwi ya nusu aunsi, mshipi usimame wima, ujue chambo kiko kina gani. Hili nalisisitiza: krapi hula akitazama juu. Ukipitisha chambo chini yake umempoteza, kipitishe juu yake kidogo.

KAKA: Halafu kuna upepo. Fimbo ya futi 16 ikipigwa na mawimbi, ncha inaruka juu chini na chambo kinaruka nayo. Samaki akigusa hutambui.

DADA: Ndiyo sababu nasema fimbo zote za mbele ziwe sawa, urefu mmoja na ulaini mmoja. Zikitikisika, zinatikisika pamoja, na ile iliyoguswa unaiona mara moja. Mchanganyiko wa fimbo za kuokoteza unachosha macho.

KAKA: Ncha laini au ngumu?

DADA: Ncha laini, shina gumu. Ngozi ya mdomo wa krapi ni nyembamba mno, ukikurupuka unaichana. Ncha laini inapinda na kumwacha ameze, shina gumu ndilo linamwinua.

KAKA: Niongeze jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Fimbo ya futi 16 kwenye maji ya futi nne, mshipi ni mfupi, kwa hiyo samaki anabaki mbali na mkono wako. Inabidi uirudishe fimbo nyuma, au mwenzako awe na wavu wa mpini mrefu. Nunua wavu huo siku ileile.

DADA: Umesema kweli kabisa. Mvuvi wa peke yake aanze na futi 12.

KAKA: Na sheria za jimbo azisome kabla ya kutoa pesa, maana idadi ya fimbo inatofautiana. Wisconsin mtu anaruhusiwa tatu.

DADA: Minnesota, maji yasipokuwa na barafu, kwa kawaida ni mshipi mmoja tu kwa mtu. Ndugu zetu wa huko wasinunue seti nzima. Wachukue moja ya futi 10, iliyo nyepesi, maana wataishika mkononi kutwa.